Amesimama Mlangoni

Mwenye kuleta habari njema hufunguliwa mlango; mwenye kuleta karatasi ya mahakama hufunguliwa mbwa. Hodi aliujua ukweli huo kwa miguu yake miwili. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mpeleka wito, yaani mtu anayetoka mahakamani na hati za kesi na kuzitia mikononi mwa walioshtakiwa, ili wajue wameshtakiwa nini na wanatakiwa lini kwenda kujitetea. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho. Watu walimwita Hodi, kwa kuwa neno hilo alilitamka kuliko neno lolote jingine, pengine kuliko jina la mkewe.

Vituko vya kazi hiyo alikuwa navyo tele, na alijua kuvisimulia mpaka watu wakashika mbavu. Kuna bwana aliyejificha ndani ya pipa la maji, akasahau kwamba mtu akizama hutoa mapovu. Kuna mama aliyemwambia macho makavu kwamba yeye si yeye, ni pacha wake, na mwenyewe kasafiri. Na wiki ile ya habari yetu kuna fundi bomba mmoja aliyeruka uzio wa seng'enge kuikimbia hati yake. Hodi, na umri ule na tumbo lile, akaruka nyuma yake. Hati ilimfika mwenyewe, ila goti la suruali ya kijivu lilibaki kwenye seng'enge.

Mkewe aliigeuza ile suruali huku na huku. "Hii usimpe fundi wa hivi hivi akaja kuiharibu," alisema. "Kule juu kilimani kuna fundi mwanamke. Akitia kiraka hukioni hata ukionyeshwa kilipo. Mpelekee, baba watoto, na usisahau kurudi na vitunguu."

Kilima kile Hodi hakukipenda. Ungemuuliza sababu angekuambia magoti. Hata hivyo Alhamisi alitoka kazini mapema, akapanda zile ngazi zilizochimbwa kwenye udongo, akafika juu akapumzika huku ameshika kiuno. Hapo ndipo alipoona kwamba upande wa pili wa kilima kuna barabara nzuri tu ya kokoto, na pikipiki zinapanda bila taabu mpaka milangoni mwa watu. Alijicheka. Miaka yote mjini, na hakuwahi kuuliza.

Chumba cha fundi kilikuwa na mlango wa chuma wa kijani. Kizingiti hakikuwa na ngazi bali mteremko mdogo wa saruji. Ndani, cherehani ya mkono, ile ya kuzungusha kwa gurudumu la pembeni, iliwekwa juu ya meza fupi, na nyuma ya meza alikaa mwanamke wa makamo, futi ya kupimia shingoni, chaki sikioni. Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Kiti chenyewe kilikuwa na mto ulioshonwa kwa vipande vya nguo za watu, rangi kumi na mbili, na kila kipande kilimhusu mtu fulani aliyetaka kuongezewa au kupunguziwa kiuno.

"Karibu, kaka. Goti hilo limekutana na nani?"

"Seng'enge."

"Pole. Na seng'enge nayo pole." Aliinyoosha suruali mezani, akatia kidole kwenye tundu. "Hii Jumatano iko tayari. Andika jina hapa."

Alimsogezea daftari kubwa lililofungwa kalamu kwa uzi. Kila mteja aliandika jina siku ya kuleta nguo na kutia saini siku ya kuichukua. Hodi alisema daftari hilo ni jambo la maana sana.

"Kuna mtu alinifunza," alijibu fundi. "Alichukua koti lake hapa, kesho yake akarudi kulidai. Mashahidi sina, karatasi sina. Tangu siku hiyo, awe askofu, awe shekhe, anasaini. Mtu akikataa, nguo hailali kwake."

Hodi akaandika "Hodi". Fundi alilisoma akacheka, akauliza jina gani hilo, na Hodi akasema ndivyo wanavyomwita. Alipoulizwa kazi yake alijibu, "Natembeatembea tu." Wapeleka wito wengi hujibu hivyo mitaani, maana ukitaja kazi yenyewe watu wanaanza kukumbuka safari.

Alikuwa anageuka kutoka ndipo alipoiona karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango. Jicho la kazi halilali. Ilikuwa ya dalali wa mahakama, yule anayetekeleza hukumu: aliyemo ndani aondoke na vyombo vyake kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, la sivyo atatolewa.

"Hii ni nini, dada?"

"Kaka, nami nauliza hivyo hivyo." Fundi aliitoa chaki sikioni akaiweka mezani. "Chumba hiki nilipangishwa na mzee mwenye nyumba, Mungu amrehemu. Tuliandikiana miaka kumi na mitano, karatasi ninayo kwenye kopo la biskuti, na miaka saba bado. Ule mteremko mlangoni aliumwaga saruji kwa mkono wake, ili mimi nipite. Amekufa, mwanawe anasema mimi ni mvamizi. Kanishtaki. Mimi sijui. Kesi imesikilizwa. Mimi sijui. Hukumu imetoka. Nimeijua siku walipokuja kubandika."

"Mahakamani ulikwenda?"

"Nilikwenda. Karani akafungua faili, akanisomea. Eti mtu wao alikuja hapa. Eti alinikuta nimesimama mlangoni mwangu, akanipa karatasi, nikaisoma, nikakataa kutia saini." Alikigonga kiti chake kwa mkasi. "Nimesimama! Madaktari wamehangaika na miguu hii miaka kumi na mmoja mpaka wakanyoosha mikono. Huyo bwana kanisimamisha kwa kalamu. Siku nikimwona nitamwomba anitembeze kabisa."

Alicheka, na Hodi naye akacheka, mdomo ukiwa umeitangulia akili. Kisha kicheko kikakatika.

Alikumbuka. Ilikuwa miezi minne nyuma, siku ya mwisho ya mwezi, mvua ya kupiga mabati. Mkobani ilibaki hati moja. Mahakama mwaka ule ilikuwa imetangaza cheti cha mtumishi bora, na Hodi alikuwa hajarudisha mahakamani hata hati moja iliyoshindwa kumfikia mtu tangu mwaka uanze. Kilima kilikuwa mbele yake, ngazi za udongo zimegeuka utelezi. Akaingia kwenye kibanda cha chai pale chini, akaagiza kikombe, akatoa fomu ya kiapo. Wapeleka wito wote wana maneno yao, wanayajua kama salamu: nilimkuta mhusika amesimama mlangoni mwake, nikajitambulisha, nikampa hati, akaisoma, akakataa kutia saini. Sheria inakubali hivyo, kwa kuwa wapo wengi wanaokataa kweli, na kesi haiwezi kufa kwa sababu mtu kakunja mikono. Hodi aliyaandika kabla chai haijapoa. Hati yenyewe aliikunja akaitia chini kabisa ya mkoba, akasema kesho atakuja kuitupia chini ya mlango. Kesho ilikuwa na mambo yake. Kiapo alikiapa kwa mkono wa kulia juu, cheti akakipata, na jambo lile akalisahau kabisa.

"Ulimwambia karani kwamba... hali yako?"

"Alichungulia dirishani akaniona. Akasema, dada, hiyo ni lugha tu ya ofisi. Mahakama ikishasema imesema."

Hapa ndipo mahali pa Hodi kusema. Maneno yalikuwa matatu tu: ni mimi, dada. Alifungua mdomo, na alichotoa ni ushauri.

"Si kweli kwamba ikishasema imesema," alisema, huku akiitazama ile chaki mezani. "Sheria hairuhusu mtu ahukumiwe bila kusikilizwa. Kama hukupewa hati, unaomba hukumu itenguliwe. Jumatatu nenda pale mahakamani, chumba cha mwisho kushoto, kuna msaada wa kisheria. Hawalipwi. Waambie hukufikiwa. Chukua na karatasi yako ya kopo."

Fundi aliuweka mkasi mezani. "Wewe kaka umetumwa na nani?"

"Sijatumwa."

"Basi kwa maneno hayo suruali hii naishona bure. Usibishe. Watu wamepita hapa wiki nzima wananipa pole. Wewe umenipa njia."

Hodi alishuka kilima kwa zile ngazi za udongo, ingawa barabara nzuri alikuwa ameshaiona. Vitunguu alivisahau.

Jumatatu alijipangia shughuli za nje, lakini karani alimtuma faili, na alipotoka uani alimwona fundi. Jengo la mahakama lina ngazi tisa za mawe na halina mteremko. Askari wawili walikuwa wamekibeba kile kiti, fundi akiwa juu yake ameshika kopo la biskuti kifuani, na askari mmoja akamwambia mwenzake ashushe upande wake, asije akamwaga mtu. Watu waliokaa kwenye benchi walitazama. Fundi aliwaambia askari, "Polepole, wanangu, mimi si gunia," akijitahidi kufanya mzaha, lakini macho ameyakaza mbele kama mtu anayevuliwa nguo hadharani. Hodi alijificha nyuma ya ubao wa matangazo. Alisimama pale, mtu mzima mwenye wajukuu, akisoma tangazo la mnada lililopita mwaka jana, mpaka kiti kilipoingia ndani. Hakuwahi kujichukia hivyo.

Jumatano karani alimwita pembeni. Walikuwa marafiki wa siku nyingi. Mmoja aliandika faili, mwingine alizitembeza.

"Kesho unatakiwa mbele ya hakimu," alisema karani. "Ni lile jambo la fundi wa kilimani. Ameleta maombi, msaada wa kisheria wanamsimamia. Usihangaike. Wakili wa mwana wa mwenye nyumba atakuuliza kuhusu 'kusimama', wewe sema ni lugha ya ofisi, ulimkuta mlangoni basi. Mwanamke alikuwepo, hati alipewa. Limekwisha."

"Na kama sikumkuta?"

Karani alitazama mlango kuhakikisha umefungwa. "Hodi. Wote mnaandika hivyo hivyo. Mafaili mangapi yana maneno hayo? Ukianguka wewe wataanza kufunua moja moja. Umebakiza miaka mingapi ustaafu?"

"Mitatu."

"Basi sema ni lugha ya ofisi."

Alhamisi asubuhi mkewe alimkuta sebuleni amesimama juu ya kiti, anakishusha cheti ukutani. Kilikuwa kwenye fremu ya rangi ya dhahabu aliyoinunua mwenyewe mama watoto, na kila Ijumaa alikifuta kioo. Pale kilipokuwa palibaki mraba mweupe, ukuta uliobaki ukaonekana ulivyochakaa.

"Kinaenda wapi?"

Akamwambia. Alimwambia yote, kilima, mvua, kikombe cha chai, kiti cha magurudumu, suruali ya bure. Alitegemea atafokewa, na angeshukuru. Mkewe alikaa tu, akafuta mikono kwenye kanga ingawa ilikuwa mikavu.

"Wageni wangapi nimewaonyesha kitu hiki," alisema hatimaye. "Kila anayekuja. Nawaambia, mume wangu hajawahi kurudisha karatasi."

"Najua."

"Na mimi ndiye niliyekutuma kwake." Alinyanyuka akaenda jikoni. Akiwa huko, bila kurudi, akasema, "Nenda kawahi. Usimwache akungoje na leo."

Chumba cha mahakama kilijaa nusu. Hakimu alikuwa mama wa miwani, mwenye desturi ya kuandika kila kitu kwa mkono wake, taratibu, hata mawakili wenye haraka wakajifunza kumeza mate. Wakili wa mwenye nyumba alikuwa na tai nzuri. Mwenye nyumba mwenyewe, yule mwana aliyerithi, alikaa nyuma yake akichezea funguo. Fundi aliwekwa pembeni ya benchi la mbele, kwa kuwa kiti hakikuenea pengine, na kando yake binti wa msaada wa kisheria alikuwa akipanga karatasi.

Fundi aligeuza shingo akamwona Hodi mlangoni. Uso wake ukachanua.

"Yule kaka!" alimnong'oneza yule binti, kwa mnong'ono wa watu wote kusikia. "Ndiye aliyenielekeza. Amekuja kunisindikiza." Akampungia mkono. Akavuta nafasi kwenye benchi kwa kiganja, akaipangusa vumbi, akamwonyesha akae hapo.

Hodi angependa ardhi impasukie. Alisimama palepale. Kisha karani akaita jina lake kamili, lile la kwenye kitambulisho, na cheo chake: mpeleka wito wa mahakama hii. Akatembea kuelekea kizimbani akipita mbele ya ule mkono uliokuwa bado juu ya benchi. Aliuona unajikunja na kurudi mapajani.

Akaapishwa. Mkono ule ule wa kulia.

Wakili wa mwenye nyumba alianza kwa tabasamu la kumsaidia. "Wewe ni mtumishi wa muda mrefu, na nadhani ni mtumishi bora wa mwaka."

"Nilipewa cheti."

"Umeandika hapa ulimkuta mhusika amesimama mlangoni. Hilo neno 'amesimama', tusaidie. Nyinyi mnalitumia kumaanisha mtu yupo, sivyo? Ni lugha ya ofisi tu."

Karani aliinamia faili. Mlango ulikuwa wazi mbele ya Hodi, umefunguliwa na mtu mwingine, na alichotakiwa ni kusema ndiyo. Alimtazama fundi. Hakuwa na hasira usoni bado. Alikuwa anamtazama kama mtu anayehesabu mishono, akirudi nyuma kutafuta pale ilipokosewa.

"Si lugha ya ofisi," alisema Hodi. "Ni uongo. Sikumkuta amesimama, sikumkuta amekaa. Sikufika. Mvua ilikuwa inanyesha, nilikuwa kwenye kibanda cha chai chini ya kilima. Niliandika hapo. Hati sikumpa yeye wala mtu yeyote. Ninayo." Akaitoa mfukoni, ikiwa imekunjwa mara nne na ina duara la chai pembeni, akaiweka mbele yake pamoja na cheti kwenye fremu yake ya dhahabu.

Mwenye nyumba aliacha kuchezea funguo. Wakili tabasamu lilimtoka.

"Mheshimiwa, shahidi huyu anakiri kwamba aliapa uongo. Sasa anaapa tena. Tuamini uongo upi, wa mwanzo au wa leo? Nimesikia huyu mama akisema wanafahamiana. Nani ajuaye wamekubaliana nini?"

Hodi alimgeukia hakimu. "Wakili ana haki ya kuniuliza," alisema. "Mtu akishadanganya hana pa kushika. Ila siku ile nilidanganya nikapata cheti na nikafika nyumbani mkavu. Leo nikisema hivi napoteza kazi, na huenda nikafungwa. Sijui zaidi ya hapo."

Hakimu aliweka kalamu chini, jambo ambalo wengi pale hawajawahi kuliona. Akamgeukia fundi.

"Mama, huyu mtu unamfahamu?"

"Namfahamu, Mheshimiwa. Suruali yake iko kwangu."

"Ulimwona lini mara ya kwanza?"

"Alhamisi iliyopita. Aliandika jina kwenye daftari langu, na tarehe." Alimtazama Hodi. "Akaniambia kazi yake ni kutembeatembea."

Watu wawili watatu walicheka nyuma. Hodi aliinamisha kichwa. Kati ya yote yaliyosemwa siku ile, hilo ndilo lililomkata.

Hakimu aliandika muda mrefu, kisha akasoma. Hukumu imetenguliwa. Amri ya kumtoa fundi imesitishwa. Kesi itasikilizwa upya, na karatasi ya kwenye kopo itasomwa mbele ya pande zote. Mafaili yote ya mpeleka wito huyu yakaguliwe, na ya wenzake. Yeye mwenyewe akabidhi kitambulisho cha kazi leo, na suala la kiapo cha uongo lipelekwe kunakohusika. Baada ya hapo alivua miwani.

"Mimi sitoki hapa," alimwambia Hodi. "Wananchi siwajui, nawajua kwa karatasi. Sheria inasema nisimhukumu mtu kabla hajaambiwa. Sasa nitajuaje kama ameambiwa? Siwezi kwenda kila nyumba. Miguu yangu ilikuwa wewe."

Hodi alitaka kusema samahani kwa fundi, lakini alipotoka kizimbani askari walikuwa wameshakinyanyua kiti kushuka zile ngazi tisa. Safari hii hakujificha. Alisimama juu akaangalia mpaka mwisho, na fundi hakugeuka. Kitambulisho alimkabidhi karani, ambaye alikipokea bila kumtazama wala kumpa mkono.

Nyumbani, mkewe alimpa chakula, wakala, mraba mweupe ukiwa juu ya vichwa vyao. Siku ya pili yake alimwambia, "Suruali ya watu haiwezi kukaa huko milele."

"Nitanunua nyingine."

"Baba watoto, nimekuambia kaichukue."

Alikwenda Jumamosi. Ndiyo siku ambayo dalali wa mahakama alikuwa aje kutoa cherehani nje. Alipanda kwa zile ngazi za udongo, magoti yakilia, ingawa hapakuwa na aliyemlazimisha. Mlango wa kijani ulikuwa wazi nusu. Ile karatasi ilikuwa imebanduliwa, na pembe zake nne za gundi zimebaki. Ndani cherehani ilikuwa inakwenda.

"Hodi," alisema.

Cherehani haikusimama.

Miaka kumi na tisa alikuwa amelitamka neno hilo bila kulisikia. Sasa alilisikia. Akalisema tena, kwa sauti ya chini zaidi. "Hodi."

Gurudumu liliendelea kuzunguka. Kila mtu anajua kwamba ukibisha mara tatu usijibiwe, unakwenda zako, hata kama taa inawaka na sauti unazisikia. Alingoja kidogo. "Hodi."

Hakujibiwa. Akakubali, akageuka. Alikuwa ameshauweka mguu kwenye ule mteremko wa saruji ndipo cherehani iliponyamaza.

"Simama hapohapo mlangoni."

Hakuambiwa karibu. Alisimama. Alisikia magurudumu ya kiti yakipita kwenye sakafu, na fundi akatokea, suruali ya kijivu imekunjwa vizuri mapajani, daftari juu yake. Alimpa suruali. Kisha akafungua daftari, akaandika polepole, akitamka kila neno.

"Jumamosi. Saa nne asubuhi. Nimemkuta mwenye suruali amesimama mlangoni. Nimempa nguo yake." Akainua macho. "Ikague."

Hodi aliifungua suruali. Alitafuta goti la kulia, akatafuta na la kushoto, akapitisha kidole kwenye kitambaa. Kiraka hakukiona.

"Ameikagua," aliandika fundi. Akamsogezea kalamu na uzi wake. "Tia saini. Ukikataa nitaandika umekataa. Lakini mimi nitakuwa nimekuona."

Mvuto wa kwanza wa kalamu ulitoka nje ya mstari. Hakuandika lile jina la mitaani. Aliandika yote matatu, la kwake, la baba yake na la babu yake, kisha akarudisha daftari kwa mikono miwili.

"Dada, nilitaka nikuambie..."

"Mwezi ujao kesi yangu inasikilizwa," alisema fundi. "Nina nguo za watu za kumaliza."

Aliisoma saini, akautazama uso wake kwa makini, akalifunga daftari. Kisha akageuza kiti akarudi kwenye meza yake, na cherehani ikaanza tena. Hodi alibaki pale mlangoni na suruali yake mkononi, akingoja kidogo, kisha akashuka kilima.